Mechi Themanini za Prairie View

Msimu uliopita timu ya chuo chetu ilicheza mechi tisa. Tulifungwa nane na kutoka suluhu moja, na hiyo suluhu yenyewe tuliipata kwa sababu mvua ilinyesha hadi mpira ukawa unakwama kwenye madimbwi, kwao na kwetu. Nayasema haya nikiwa golikipa wa akiba, yaani mtu aliyeyatazama mabao karibu yote akiwa amekaa. Mechi mbili za mwisho niliingizwa, na katika mabao ya msimu ule saba ni yangu mimi mwenyewe. Sina wa kumsingizia.

Jina la chuo nitalisitiri. Kocha wetu ni mwalimu wa hisabati, mtu mwema, na wachezaji wenzangu bado nakula nao ugali bwalo moja.

Baada ya mechi ya tisa likabandikwa tangazo ubaoni: mkutano wa wanafunzi, Ijumaa saa kumi jioni. Ajenda ilikuwa moja tu. Timu ivunjwe, na ile fedha ya michezo inayokatwa kwenye ada inunue viti vya bwalo, maana nusu yetu tunakula tumesimama. Mpenzi msomaji, nakiri mbele yako: nilikuwa upande wa viti. Nilitia sahihi kwenye karatasi ya kuunga mkono hoja, jina la nne kutoka juu. Nahodha aliliona jina lile. Hakusema kitu. Kesho yake alfajiri nilimsikia anakimbia peke yake kuzunguka uwanja, na mimi nikavuta shuka.

Jumapili hiyo nikaenda Magomeni kwa mjomba.

KOFIA YA ZAMBARAU

Mjomba aliishi Houston, katika jimbo la Texas huko Marekani, karibu miaka ya tisini yote. Aliosha vyombo hotelini, akaendesha teksi, akarudi na mabegi mawili na kofia moja ya zambarau yenye maandishi ya dhahabu yaliyokwisha kufifia. Kofia hiyo haivui hata akiwa kwenye foleni ya maji. Siku zote nilidhani ni kofia ya mtumba kama nyingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona uso kama umefiwa?"

Nikamweleza yote, mechi, mkutano, viti. Akanisikiliza huku akipepea jiko.

"Kwa hiyo mkifungwa mara nane mnavunja timu?"

"Nane kati ya tisa, mjomba."

Akaivua kofia. Akanionyesha yale maandishi. "Hawa jamaa, unajua walifungwa mara ngapi mfululizo?"

Nikabahatisha: "Kumi na tano?"

"Themanini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, mjomba wangu akisimulia huongeza chumvi. Ukimsikiliza utadhani Houston nzima ilimjua kwa jina. Kwa hiyo niliporudi chuoni niliingia maktaba, nikakaa siku tatu nikisoma habari za chuo kiitwacho Prairie View A&M. Safari hii mjomba hakuongeza chumvi. Alipunguza.

Kwanza tuelewane kuhusu mpira wenyewe. Si huu wetu. Ni mpira wa Kimarekani, umbo lake kama yai lililochongoka pande zote mbili, na unachezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, wamevaa helmeti na mabega ya bandia kama askari wa kutuliza ghasia. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi; ikishindwa, wenzao wanauchukua. Ukiufikisha mpira mwisho wa uwanja unapata pointi sita, wenyewe wanaita tachidauni, na teke linalofuata laweza kukuongezea moja. Vyuo vikuu vyao hucheza mara moja kwa wiki, Jumamosi, na msimu mzima ni kama mechi kumi na moja hivi. Kwa hesabu hiyo, kufungwa mara themanini mfululizo si jambo la msimu mmoja mbaya. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza waliposhinda mara ya mwisho alikuwa kidato cha tatu waliposhinda tena.

SHAMBA LA ALTA VISTA

Prairie View iko kaskazini-magharibi ya Houston, maili kama arobaini na tano. Chukua njia ya Dar kwenda Mlandizi halafu zidisha kidogo. Mahali pale palikuwa shamba kubwa la pamba lililoitwa Alta Vista, na waliolima pamba ile walikuwa watumwa Weusi. Texas ndiko habari ya uhuru ilikochelewa: tangazo lilisomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1876, jimbo liliamua kuanzisha chuo cha vijana Weusi, kwa kuwa katiba yake ilitaka Weupe na Weusi wasome mbalimbali. Chuo kikawekwa juu ya ardhi ya shamba lile lile. Mwezi Machi 1878 wakaja wanafunzi wa kwanza. Walikuwa wanane.

Wanane! Sisi darasani kwetu tuko sabini na mbili.

Nilipofika hapo nikaanza kuelewa kwamba historia ya timu hii haianzi uwanjani. Chuo kiliwekwa chini ya Texas A&M, chuo cha Weupe, kama mtoto wa kambo anayelala jikoni. Katiba hiyo hiyo ya 1876 ilitenga ardhi kubwa ya umma huko magharibi mwa jimbo iwe mtaji wa elimu ya juu. Ilikuwa ardhi kame ya kulishia ng'ombe, mpaka mwaka 1923 yalipochimbuliwa mafuta. Fedha ile ikavijenga Chuo Kikuu cha Texas na Texas A&M. Prairie View haikuwekwa katika orodha ya wanaogawiwa mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1984. Na si fedha tu. Hata haki ya wanafunzi wake kujiandikisha kupiga kura katika wilaya wanayosomea ilibidi ifike Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo iliithibitisha mwaka 1979. Ukisoma hayo, zile themanini zinaanza kuwa na sababu zake.

ENZI ZA NICKS

Lakini usidhani walizaliwa wakifungwa. Hapo ndipo kisa kinaponoga.

Kulikuwa na kocha mmoja anaitwa Billy Nicks. Chini yake Prairie View ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilichukua ubingwa wa taifa wa vyuo vya Weusi mara tano: 1953, 1954, 1958, 1963 na 1964. Mikononi mwake walipita vijana kama Otis Taylor, ambaye Januari 1970 alifunga tachidauni katika fainali kuu ya wachezaji wa kulipwa, Super Bowl, akiwa na Kansas City Chiefs. Na Ken Houston, mlinzi aliyeingizwa mwaka 1986 katika jumba la heshima la mpira wao. Hao si wachezaji wa mchangani.

Nicks aliwapata wapi? Nisikilize vizuri, maana jibu linauma. Aliwapata kwa sababu vyuo vikubwa vya Weupe vya Texas vilikuwa haviwataki. Kijana Mweusi wa Houston au Dallas, hata angekuwa na mbio za swala, asingevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas. Kwa hiyo vipaji vyote vya watu Weusi wa jimbo zima viligawanywa kwa vyuo vichache tu vya Weusi, na Prairie View ilikuwa ya kwanza kuchagua. Utajiri wa Nicks ulikuwa mtoto wa ubaguzi.

Halafu mlango ukafunguka. Mwaka 1966 kijana mmoja Mweusi, Jerry LeVias, alianza kucheza kwa skolashipu katika chuo cha SMU cha Dallas, na alitukanwa na kutemewa mate mpaka ukisoma unajiuliza aliwezaje. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Texas kilichukua ubingwa wa taifa bila mchezaji hata mmoja Mweusi katika timu yake kubwa. Kilikuwa cha mwisho kufanya hivyo. Baada ya hapo vile vyuo vikubwa viligundua vilichokuwa vinakikosa, vikaja vitongojini na mabasi mazuri, viwanja vya watu elfu sabini na mechi za kwenye televisheni. Kijana wa miaka kumi na minane, mama yake anafua nguo za watu, angesema nini?

Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kutamani ubaguzi urudi ili timu yake ishinde. Mimi sitamani, na nina hakika Billy Nicks hakutamani. Lakini haki ilipokuja ilikuja nusu. Vijana walifunguliwa mlango wa kutoka, na kile chuo kilichowalea wakati hakuna aliyewataka hakikupewa fidia yoyote. Wakubwa walichukua mavuno, shamba likaachiwa mwenyewe na jembe lake bovu.

Nicks aliacha ukocha baada ya msimu wa 1965. Mwaka 1976 ulikuwa wa mwisho kwa timu kumaliza msimu ikiwa imeshinda mechi nyingi kuliko ilizofungwa, na hali hiyo haikurudi kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 5 Oktoba 1985 kocha maarufu Eddie Robinson wa Grambling alipata ushindi wake wa 324, akawapita makocha wote wa vyuo kwa wakati ule. Picha zake zilizagaa Marekani nzima. Na aliyefungwa siku hiyo, 27 kwa 7, ni nani? Prairie View. Hata kwenye harusi ya mwenzao wao ndio waliokuwa kuku.

THEMANINI

Tarehe 28 Oktoba 1989 Prairie View iliifunga Mississippi Valley State. Ikumbuke tarehe hiyo.

Mwaka 1990 hapakuwa na timu kabisa. Rais wa chuo, Julius Becton, jenerali mstaafu na mwenyewe mhitimu wa Prairie View, alisimamisha michezo kwa sababu ya matatizo ya fedha katika idara hiyo. Niliposoma hapo nilisimamisha kusoma kidogo. Huyu hakuwa adui. Alikuwa mtu wa nyumbani aliyetazama hesabu akaona hazifungi. Yaani alikuwa mimi, na karatasi yangu ya viti.

Mwaka 1991 timu ikarudi, lakini bila skolashipu. Hapa kwetu mtu anaweza kusema, si wacheze tu kwa mapenzi? Sawa, lakini wapinzani wao katika ligi ya SWAC, akina Grambling na Southern na Jackson State, walikuwa na vijana waliolipiwa masomo, chakula na malazi kwa sababu ya mpira. Prairie View iliwachukua wanafunzi waliokuwa wanajilipia, waliotoka maabara saa tisa wakakimbilia mazoezi. Matokeo ya msimu ule wa 1991: mechi kumi na moja, zote wamefungwa. Kwa mechi zote hizo walipata pointi 48. Wakafungwa pointi 617. Gawanya mwenyewe: kila mechi ni kama hamsini na sita kwa nne.

1992, hakuna ushindi. 1993, hakuna. 1994, 1995, 1996, 1997, hakuna. Kabla yao waliokuwa wakichekwa zaidi ni Columbia ya New York, iliyofungwa mara 44 mfululizo kati ya 1983 na 1988, na Northwestern ya karibu na Chicago, mara 34 kati ya 1979 na 1982. Prairie View ikawapita wote kama basi la mkoani linavyolipita baiskeli. Tofauti ni kwamba Columbia na Northwestern ni vyuo vyenye fedha. Wao wakifungwa ni kichekesho cha wenye nazo. Prairie View ikifungwa, watu waliuliza kwa nini chuo chenyewe kipo.

Nikamrudia mjomba na swali moja. Nani alikuwa anakwenda kutazama?

"Watu tele," akasema. "Nimekwenda mara tatu na wenzangu wa teksi. Kwanza, bendi."

Bendi ile inaitwa Marching Storm. Ni wanafunzi kwa mamia, matarumbeta na ngoma, wanatembea kwa kuinua magoti hadi kifuani, wanacheza huku wanapuliza. Katika vyuo vya Weusi wakati wa mapumziko si wakati wa kwenda kununua karanga. Ndiyo mechi yenyewe. Bendi mbili zinashindana, na watu wanabishana nani kashinda mpaka wiki inayofuata. Nilipoyasikia hayo niliwakumbuka mababu zetu wa pwani na beni, Marini kwa Arinoti, walivyoshindana kwa magwanda na matarumbeta katika Dar es Salaam ya wakoloni, watu ambao mchana walikuwa makuli na maboi na jioni walikuwa na vyeo vya jenerali. Mtu aliyenyimwa ushindi kila mahali hujitafutia uwanja wake.

"Halafu, pili?" nikamuuliza.

Mjomba akafikiri. "Pili, wale vijana wenyewe. Siku moja walikuwa wamefungwa hamsini na kitu. Zimebaki dakika mbili. Kijana mmoja mdogo hivi, akakimbia uwanja mzima kumkamata mtu ambaye tayari hakamatiki. Akamkamata. Sisi wa teksi tulisimama wote tukashangilia. Jirani yangu ananiuliza, nyie mnashangilia nini? Sikuwa na jibu. Ndiyo nikanunua kofia."

TAREHE 26 SEPTEMBA 1998

Mwezi Septemba 1998 mambo yalikuwa yameharibika hata upande wa bendi. Tarehe 19 Prairie View ilicheza na Southern, na wakati wa mapumziko bendi mbili zikapigana. Kupigana kweli, ngumi na vyombo vya muziki. Ligi ikazifungia bendi zote mbili mechi mbili.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, tarehe 26, timu ilisafiri hadi Oklahoma City kucheza na Langston, chuo kingine cha Weusi, bila bendi yake. Wale waliowapulizia matarumbeta miaka yote ya msiba walikuwa kifungoni. Na siku hiyo, chini ya kocha Greg Johnson, Prairie View ilishinda. 14 kwa 12. Pointi mbili tu.

Mjomba alizipata habari kwenye redio ya teksi, amebeba abiria mzungu anakwenda uwanja wa ndege. Anasema alipiga honi barabara kuu nzima. Hapa pengine chumvi ipo kidogo, nami nimeiacha.

Ukitaka hadithi yenye mwisho wa sinema, ningeishia hapo. Lakini hii ni historia, na historia huendelea kesho yake asubuhi. Timu haikugeuka bingwa. Iliendelea kufungwa zaidi ya ilivyoshinda kwa miaka mingine kadhaa. Mwaka 2004 akaja kocha Henry Frazier. Mwaka 2007 wakamaliza msimu wakiwa wameshinda saba na kufungwa tatu, mara ya kwanza tangu 1976 ushindi kuzidi vipigo. Mwaka 2009 wakacheza fainali ya SWAC na Alabama A&M, wakashinda 30 kwa 24. Ubingwa wao wa kwanza wa ligi tangu 1964, enzi za mzee Nicks. Mwaka 2016 wakafungua uwanja mpya. Mwaka 2021 na 2023 wakafika tena fainali ya ligi, na mara zote mbili wakafungwa. Lakini kufungwa fainali, ndugu yangu, ni kufungwa kwa kifahari.

KICHWA CHA NANI?

Sisi Watanzania tunayajua haya bila kufundishwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipokuwa Rais, aliifananisha soka yetu na kichwa cha mwendawazimu ambacho kila kinyozi anakuja kujifunzia kunyoa. Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika kule Lagos mwaka 1980, na haikurudi fainali hizo mpaka 2019. Miaka thelathini na tisa. Kuna watu walizaliwa, wakaoa na wakapata watoto wakisubiri.

Tunao msemo kwa siku kama hizo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunautumia kufutana machozi, halafu tunakwenda kulala. Siku tatu za maktaba zilinifanya niutazame upya. Kukubali kushindwa ni kukubali matokeo ya Jumamosi. Si kukubali sababu zake. Prairie View walikubali matokeo mara themanini, kwa kupeana mikono na washindi kila mara, lakini kulikuwa na watu miaka yote hiyo waliokataa sababu: wanafunzi waliodai kura, wazee waliodai mgawo wa mafuta, wahitimu waliodai skolashipu zirudi.

Na hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu gazeti letu hili linasomwa na waandishi chipukizi wanaopenda kuambiwa "usikate tamaa". Moyo peke yake haukuishindia Prairie View. Vijana wa 1991 walikuwa na moyo kuliko mimi na wewe, wakafungwa pointi 617. Kilicholeta 2009 ni makocha, ufadhili na miaka ya kujenga. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine: kuhakikisha kwamba fedha na kocha vitakapofika, vitaikuta timu ipo. Kama wangebaki kama walivyokuwa 1990, bila timu, hapangekuwa na 1998, wala 2009.

Nami nimerudishiwa hadithi fupi tatu na wahariri mbalimbali, moja ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Nilikuwa najiambia nina moyo. Kumbe sijawahi kuiandika upya hata moja. Nilikuwa nazituma vile vile zilivyo, kwa ujasiri mkubwa.

MKUTANO

Ijumaa saa kumi nilikuwa bwaloni. Wenye viti walikaa, wengine tulisimama, jambo ambalo lilikuwa hoja tosha. Nilipopewa nafasi nilisema jina langu ni la nne kwenye karatasi na naomba lifutwe. Wakapiga miluzi. Nikawaeleza kwa kifupi habari za Prairie View. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akapaza sauti: "Sasa unataka tufungwe themanini?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana lilikuwa swali zuri.

Nikamjibu kwamba sitaki hata tisa. Nikasema tumefungwa kwa sababu zinazohesabika. Mpira wa mazoezi ni mmoja na una nundu. Wachezaji sita wanakaa mtaani na daladala haziwafikishi mazoezini kabla ya giza. Hatujawahi kuandika hata mara moja nani alikuja mazoezini na nani hakuja. Na golikipa wa akiba alikuwa analala wakati nahodha anakimbia. Hakuna hata moja hapo linalomalizwa kwa kuvunja timu, na karibu yote yanamalizwa kwa fedha pungufu ya bei ya viti.

Hapo mwalimu wetu wa hisabati, ambaye alikuwa amekaa nyuma kimya, akasimama akauliza kwani viti na timu lazima viwe maadui. Akachukua chaki, akaandika hesabu ubaoni. Fedha ya msimu mmoja ingeweza kununua mipira minne na viti ishirini. Tukapiga kura. Tulipita kwa kura chache, nami sitajidai kwamba ni hotuba yangu; nadhani ni vile viti ishirini.

Sasa tunafanya mazoezi mara nne kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaanza ukali. Daftari la mahudhurio analo nahodha. Nimenunua glovu Karume, mtumba, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Mjomba ameahidi kuja na kofia yake.

Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, ugenini. Toleo lijalo nitawaandikia matokeo, yawe yoyote.